Ofa ya franchaizi ya kuku Dodoma: aliyewahi kuendesha tawi atupe mwanga

Kijana_wa_Makole:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya mtu aliyeendesha kwa mikono yake mgahawa wa franchaizi, yaani wa kulipia jina na utaratibu wa chapa ya mtu mwingine.

Mimi na dada yangu tumepewa ofa ya kufungua tawi la chapa ya kuku wa kukaanga hapa Dodoma. Chapa ni ya nje, ina matawi Dar na nchi nyingine kadhaa za Afrika. Jina silitaji kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea. Masharti kwa kifupi: ada ya kujiunga dola 25,000, mkataba wa miaka 10, mrabaha (malipo ya kutumia jina lao) asilimia 6 ya mauzo kila mwezi, na mchango wa matangazo asilimia 3. Unga wa kupaka kuku, viungo, sosi na vifungashio ni lazima kununua kwa msambazaji wao. Ramani ya jiko, mashine na sare vinafuata mwongozo wao.

Tuna akiba yetu, na benki iko tayari kutukopesha milioni 180 kwa miaka 5, riba asilimia 16. Kwenye makaratasi yao wameandika kwamba tawi la ukubwa wetu huuza milioni 59 kwa mwezi. Dada ni mhasibu, mimi nimesimamia idara ya chakula kwenye hoteli.

Fremu tumeona mbili. Moja iko karibu na Nyerere Square, kodi milioni 5 kwa mwezi. Nyingine iko barabara ya kwenda Mtumba, kodi ni nusu ya hiyo.

Ninachotaka kujua: kwa masharti haya kuna kitu kinabaki mfukoni? Na tukishafungua, ni nini hasa kinachofanya tawi moja lisimame na jingine la chapa ileile, menyu ileile, lifungwe?

---

Dada_wa_Zamu:

Kaka, nimeanzia kaunta kwenye tawi la kuku wa kukaanga hapa Dar, nikawa meneja wa tawi, na sasa nasimamia matawi kadhaa ya mwekezaji mmoja. Nakujibu kwa urefu kwa sababu watu wanaingia kwenye biashara hii wakiangalia foleni ya wateja tu.

Anza na hiyo milioni 59. Waulize kama ni pamoja na VAT. Bei ya kwenye menyu huwa na VAT ndani yake, kwa hiyo kama ndiyo, hela yako ni milioni 50. Milioni 9 ni ya TRA, imepita tu mikononi mwako.

Sasa tuzigawe hizo 50 kwa makadirio ninayoyaona kwenye matawi ya ukubwa huo. Chakula na vifungashio asilimia 36, ni milioni 18. Mishahara ya watu 14 pamoja na NSSF ya mwajiri, tozo ya mafunzo (SDL) na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF), weka 8.5. Kodi ya fremu 5. Umeme, gesi na maji 3.5. Matengenezo, usafi, bima, leseni, ulinzi, makato ya kadi na malipo ya simu, weka 3. Mrabaha 3, matangazo 1.5. Jumla ni 42.5. Zimebaki milioni 7.5. Rejesho la mkopo wako ni kama 4.4 kwa mwezi. Umebaki na 3.1 kabla ya kodi ya mapato, na hapo wewe na dada hamjalipana hata shilingi.

Mauzo yakishuka kwa asilimia 20, yaani 40 badala ya 50, kodi ya fremu haishuki na mishahara haishuki. Nimekupigia: kinachobaki ni kama 2, na benki inataka 4.4. Kila mwezi wa namna hiyo unaongeza zaidi ya milioni 2 kutoka mfukoni.

Mwenye chapa katika mwezi huohuo amelipwa milioni 3.6, mrabaha na matangazo. Amepungukiwa laki 9 tu, wala hajapata hasara. Hilo ndilo nataka ulishike kabla ya yote. Yeye anakula kwenye mauzo, wewe unakula kwenye kinachobaki. Biashara hii imejengwa hivyo tangu zamani. Harland Sanders alipoanza kuwapa watu mapishi yake ya kuku kule Marekani mwaka 1952, wa kwanza akiwa Pete Harman wa Salt Lake City, malipo yake yalikuwa senti kadhaa kwa kila kuku aliyeuzwa. Mwenye mgahawa amepata faida au hakupata, kuku akishauzwa Sanders analipwa. Sisemi ni dhuluma, ndiyo bei ya jina. Ila meneja wa franchaizi anayekimbizana na mauzo peke yake anamfanyia kazi mwenye chapa.

Kwa hiyo swali lako la pili jibu lake liko jikoni na stoo, usiku baada ya mlango kufungwa.

Kila usiku vipande vya kuku vinahesabiwa, kimoja kimoja, na watu wawili tofauti. Chukua mfano: asubuhi mlikuwa na vipande 420, vikaingia 360, usiku vimebaki 205. Maana yake vimetumika 575. Mfumo wa mauzo unasema vimeuzwa 531. Daftari la vilivyotupwa lina 18. Chakula cha wafanyakazi 14. Jumla 563. Vipande 12 havionekani.

Usikimbilie kusema wizi. Mara nyingi nikifuatilia nakuta aliyepakia ameweka vipande 9 kwenye boksi la 8 kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Au kuna kuku aliyekaa muda wake ukapita, akatupwa, hakuandikwa. Au mteja alirudisha, akapewa kingine, na hakuna aliyeingiza kwenye mfumo. Na ndiyo, wakati mwingine kaunta inauza bila risiti. Hilo la mwisho ni kosa mara mbili, kwako na kwa TRA. Lakini huwezi kujua ni lipi kama hesabu inafanyika mwisho wa mwezi. Ikifanyika usiku uleule, mtu bado anakumbuka nani alikuwa anapakia saa mbili usiku.

Vipande 12, kila kimoja kimekugharimu kama 2,000, ni 24,000 kwa siku. Kwa mwezi ni laki 7 na 20. Linganisha na ile 3.1 iliyobaki.

Chipsi ni hivyohivyo. Kama kipimo chenu ni gramu 120 na kijana anajaza mpaka 150 kwa sababu anaona aibu kumpa mteja mfuko uliopwaya, kila mifuko minne uliyouza umetoa mmoja bure. Mizani iwe pale kwenye chipsi, siyo ofisini. Kila zamu msimamizi achukue mifuko mitatu bila kuchagua na kuipima mbele ya mpakiaji. Ikiwa pungufu nayo ni tatizo, mteja anahesabu kwa macho.

Mafuta ya kukaangia ndiyo yanayonifanya nigombane na watu. Yanaharibiwa na maji, chumvi, mabaki ya unga na moto usiozimwa. Kwa hiyo chumvi haimwagwi juu ya kikaangio, chipsi zinatikiswa barafu kabla ya kuzama, yanachujwa kila siku, na saa tisa alasiri wakati hakuna watu, kikaangio kimoja kinazimwa. Kuna karatasi za kupimia mafuta, nunueni. Anayekisia kwa rangi atamwaga mapema siku moja na kuchelewa siku nyingine, na akichelewa, mteja anaonja tofauti kabla hujajua.

Chakula kikipanda kutoka asilimia 36 hadi 41 kwa mambo madogo kama haya, ni milioni 2.5. Hapo tawi limekwisha, na wateja wamejaa ukumbini. Nimeshuhudia matawi ya namna hiyo yakifungwa na watu wa nje wanashangaa.

---

Mnunuzi_Nairobi:

Salamu kutoka Nairobi. Dada hapo juu amesema vizuri sana. Mimi niko upande wa manunuzi ya mikahawa, wacha niongeze moja ambalo mwenzetu wa Dodoma amelitaja kwa mstari mmoja kana kwamba ni jambo dogo: kulazimika kununua kwa msambazaji wao.

Mnakumbuka Januari 2022 hapa Kenya? KFC waliishiwa viazi vya chipsi. Nchi imejaa viazi, Nyandarua na Meru wakulima wanahangaika na bei, na mgahawa unawaambia wateja wachague ugali au kachumbari ya kabichi badala ya chipsi. Viazi vilikuwa vinatoka nje kwa meli, meli zikachelewa kwa sababu ya korona, na utaratibu wa chapa haukuruhusu kununua kwa muuzaji ambaye hajakaguliwa na kupitishwa. Watu mitandaoni walikasirika sana, wakaitisha mgomo wa kutonunua.

Meneja wa tawi siku ile hakuwa na la kufanya. Hata angekuwa na gunia la viazi mlangoni, mkataba umemfunga mikono. Na tuseme ukweli, ukaguzi wenyewe una sababu. Viazi aina ya Shangi ambavyo sisi tunavipenda huchipua upesi sana vikikaa stoo, na huwezi kuvichanganya na aina nyingine ukategemea chipsi za rangi moja kila siku. Kumpitisha mkulima kunachukua muda, kunahitaji vipimo na ghala zuri.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, ndugu yangu, omba waandike ndani ya mkataba kwamba una haki ya kupendekeza msambazaji wa hapo nyumbani kwa kuku, viazi, mafuta na vifungashio, na wao wana muda maalum wa kumkagua na kukujibu. Bila muda, barua yako italala mezani kwao. Njombe iko na viazi. Anzeni kutafuta mtu mapema, msisubiri siku ambayo kontena limekwama bandarini.

Lingine: uliza wanaongeza faida kiasi gani kwenye hivyo viungo na sosi. Kuna chapa zinachukua mrabaha mdogo halafu zinachuma kwenye makaratasi ya kufungia.

---

Mkaanga_Mwenyewe:

Mkuu samahani, mimi sielewi. Asilimia 9 ya mauzo kila mwezi kwa miaka 10, na dola 25,000 juu, ya nini? Kuku na chipsi Mtanzania gani hajui? Kwa hela hiyo fungueni jina lenu, wekeni kuku wa kienyeji, pilipili ya kueleweka, na kila shilingi ibaki ndani. Hapa Sinza kuna mtu anauza chipsi kuku kwenye fremu ndogo na foleni inafika barabarani, hajawahi kumlipa mtu mrabaha.

---

Dada_wa_Zamu:

Mkaanga, hoja yako ina uzito, na kwa watu wengi ningekubaliana nawe moja kwa moja. Asilimia 9 ya milioni 50 ni 4.5 kwa mwezi, milioni 54 kwa mwaka. Jina lazima lilete wateja wa kuzidi hapo, la sivyo halina maana.

Lakini angalia kinachonunuliwa. Huyo wa Sinza foleni yake inamfuata yeye. Akiugua wiki moja, ladha inabadilika. Franchaizi inakuuzia utaratibu ambao kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita anaweza kuufuata, na kuku akatoka sawa na wa Dar. Joto la mafuta limeandikwa, muda wa kukaanga umeandikwa, kuku akitoka anachomwa kipimajoto katikati na lazima afike nyuzi 74, friza iko nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, na kuna karatasi ya kujaza kila baada ya saa chache. McDonald's walifungua chuo chao cha mameneja mwaka 1961, wakati bado ni kampuni changa, kwa sababu waliona kwamba bila hilo matawi yatakuwa na jina moja na vyakula tofauti.

Kama mwenye chapa anatoa hayo kweli, yaani mafunzo ya wiki kadhaa kwenye tawi linalofanya kazi, mkaguzi anayekuja na kukuelekeza siyo kukutoza faini tu, na mtu wa kumpigia mashine ikigoma, basi asilimia 6 ni bei ya kawaida. Kama anatoa bango na kitabu cha mwongozo, Mkaanga yuko sahihi, fungueni jina lenu.

Kaka wa Makole, hili unaweza kulichunguza. Nenda kwenye matawi yao ya Dar bila kujitambulisha. Nunua kitu kilekile kwenye matawi matatu tofauti, mchana na usiku. Kisha omba mwenye chapa akupe orodha ya wenye matawi wote, pamoja na waliofunga. Zungumza na waliofunga. Akikataa kukupa, umeshapata jibu.

---

Kijana_wa_Makole:

Dada, Mungu akubariki. Dada yangu amepiga hesabu zako usiku kucha na zimemkaa kichwani. Tumewauliza leo: milioni 59 ni pamoja na VAT, kama ulivyohisi.

Mambo matatu. Fremu ipi kati ya zile mbili? Wamesema pia kila robo mwaka watakuwa na ofa ya kushusha bei na matawi yote lazima yashiriki, hilo likoje? Na la mkataba wenyewe, kuna mwanasheria humu?

---

Sura_345:

Mkuu, kazi yangu ni mikataba ya biashara. Tanzania haina sheria mahsusi ya franchaizi. Mtategemea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Ushindani ya 2003. Maana yake hakuna sheria inayomlazimisha mwenye chapa akupe hesabu za matawi yake kabla hujasaini. Kisichoandikwa kwenye karatasi hakipo.

Nitataja yale ambayo huwa yanawaumiza watu. Kwanza, nendeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mthibitishe kwamba alama ya biashara imesajiliwa hapa nchini na kwa jina la kampuni mnayosaini nayo. Pili, eneo. Iandikwe kwamba ndani ya mipaka fulani ya Dodoma hawatafungua tawi jingine wala kumpa mtu mwingine. Tatu, ukarabati. Mikataba mingi inampa mwenye chapa haki ya kudai ubadilishe mwonekano wa mgahawa baada ya miaka kadhaa kwa gharama zako. Wekeni kikomo cha fedha. Nne, dhamana binafsi. Mkisaini kama kampuni halafu mkasaini pia kama watu binafsi, mali zenu binafsi zinaweza kuingia humo kampuni ikishindwa kulipa.

Halafu kuna kodi ya zuio. Mrabaha unaolipwa nje unakatwa asilimia 15 hapa. Kama mkataba unasema mwenye chapa apokee asilimia 6 kamili bila makato, basi kodi hiyo inakuwa yenu. Kwenye mrabaha wa milioni 3 mtalipa kama 3.53. Hiyo laki 5 na zaidi haikuwemo kwenye hesabu za dada hapo juu.

Kodi ya fremu idaiwe kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, na bado kuna wenye majengo wanajaribu.

---

Mpemba_Maskati:

Assalaam alaykum. Mimi niko Oman, ni msimamizi wa zamu kwenye mgahawa wa kuku wa chapa kubwa. Nawasoma kwa hamu maana nami nina nia ya kurudi nyumbani na kazi hii.

Kaka, nikuongezee la zamu. Saa ya watu wengi, msimamizi asishike kikaangio wala asipakie. Asimame pale ambapo anaiona kaunta, jiko na mlango kwa pamoja. Akiinama kukaanga, oda zinachanganyika na hakuna anayeona. Hapa kabla ya saa ya haraka kila mtu anapangiwa sehemu yake ubaoni, na kuna wa akiba mmoja tu anayehamishwa. Ramadhani ndiyo inatufundisha. Mchana hakuna kitu, magharibi inaingia watu wote kwa wakati mmoja. Usipopunguza watu wa mchana na kuwasogeza jioni, unalipa mishahara ya kukaa, halafu usiku unashindwa kuhudumia. Nanyi Dodoma mtakuwa na majira yenu.

---

Dada_wa_Zamu:

Wa Maskati amenitolea maneno mdomoni. Dodoma ina majira yake hasa, na ndiyo itajibu la fremu.

Mtumba mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, kuna watumishi wa wizara. Jioni wanaondoka wote. Kuku wa kukaanga wa chapa anauzwa sana jioni na mwisho wa wiki, familia na vijana, na boksi kubwa la kupeleka nyumbani. Fremu ya Mtumba itakupa saa mbili nzuri kwa siku, mara tano kwa wiki. Kwa menyu hii haitoshi, hata kodi ikiwa nusu. Mngekuwa mnauza wali na samaki wa mchana ningesema tofauti.

Nyerere Square naipenda zaidi, ila msisaini kwa imani. Kaeni pale mkiwa na karatasi, siku ya kazi, Ijumaa na Jumapili, saa sita hadi nane mchana na saa kumi na mbili hadi tatu usiku. Hesabuni wanaopita, na zaidi wanaoingia kwenye migahawa ya jirani na kutoka na mfuko. Kufikia milioni 59 mnahitaji kama wateja 140 kwa siku, kila mmoja akiacha 14,000. Fanyeni hesabu hiyo nje ya kipindi cha Bunge la Bajeti. Aprili mpaka Juni mji umejaa na kila biashara inaonekana nzuri. Angalieni pia UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ikiwa imefunga, na Ijumaa alasiri sasa hivi treni ya SGR imewarahisishia watu kwenda Dar kulala kwao. Mkopo wenu utarejeshwa pia Agosti, siyo Mei peke yake. Kama mwenye nyumba anakubali, ombeni kodi ianze kuhesabiwa siku ya kufungua, siyo siku ya kukabidhiwa funguo, maana ujenzi wa jiko la namna hii unakula miezi.

La ofa ya kushusha bei. Boksi la 14,000 ukitoa VAT ni 11,864. Chakula asilimia 36, ni kama 4,270. Wakilishusha hadi 10,000, ukitoa VAT ni 8,475, na kuku ni yuleyule wa 4,270. Chakula sasa ni nusu ya mauzo. Foleni itakuwa ndefu, mrabaha utapanda, na wewe utakuwa umefanya kazi ngumu kwa faida ndogo. Ofa siyo mbaya zikileta mtu mpya ambaye atarudi, au zikijaza saa zilizolala. Kwa hiyo ombeni mambo mawili kwenye mkataba: kikomo cha siku za ofa kwa mwaka, na kwamba wakati wa ofa ya lazima msambazaji wao anashusha bei ya bidhaa zinazohusika, ili nao wachangie. Nimewahi kuona wenye matawi wakikubaliwa hilo, hasa wakiomba kabla ya kusaini. Ukishasaini hakuna anayekusikiliza.

Na jambo ambalo hukuuliza: watu wako. Zamu ya usiku ikiisha saa tano, binti anayekaa Nzuguni anafikaje nyumbani? Kama jibu ni bodaboda ya hela yake, ataacha kazi baada ya miezi michache, na ataondoka na mafunzo yote uliyomlipia. Weka usafiri wa usiku kwenye bajeti tangu mwanzo. Wape chakula cha zamu kilichoandikwa, kinachoeleweka, usimfanye mtu ale kwa kujificha kwenye stoo. Vipimo vya afya vya wanaoshika chakula lipia wewe, usiwakate kwenye mshahara. Kwenye tawi nililoliongoza, upotevu wa kuku ulishuka tulipoanza kuwaonyesha vijana ile karatasi ya hesabu ya usiku na kugawana sehemu ya kilichookolewa kila mwisho wa mwezi. Walianza kukumbushana wenyewe kuhusu mizani, mimi nikiwa sipo.

---

Kijana_wa_Makole:

Nimekuelewa dada. Swali la mwisho: dada yangu hawezi kuacha kazi mwaka wa kwanza. Mimi niwe meneja mwenyewe au niajiri mwenye uzoefu kutoka Dar?

---

Dada_wa_Zamu:

Ajiri msaidizi mwenye uzoefu wa jiko la chapa, na umeneja ushike wewe mwaka wa kwanza. Kwa hesabu zenu hakuna nafasi ya mshahara wa meneja mkubwa kutoka Dar, nyumba yake na nauli zake. Wewe hoteli imekufundisha wageni na watu, hukosi msingi. Unachokosa ni kasi na vipimo, na hivyo utavipata ukikaa kwenye tawi lao kama mfanyakazi wa kawaida wakati wa mafunzo, kaunta, jiko, stoo, mpaka kufunga usiku. Usikubali mafunzo ya kukaa darasani na kompyuta.

Dada yako kazi yake inaweza kufanyika hata usiku kwa simu: kila siku apokee picha ya karatasi ya hesabu ya kuku, ripoti ya mashine ya risiti za kodi (EFD) na slipu ya benki. Vitu vitatu. Visipolingana anakupigia usiku huohuo.

Na wekeni pembeni fedha ya kuendesha tawi kwa miezi sita ikiwemo marejesho ya benki, iwe nje kabisa ya hela ya ujenzi na mashine. Kama akiba yenu haifiki hapo baada ya ada ya dola 25,000, ombeni ada ilipwe kwa awamu au msubiri. Mkijibiwa kuhusu eneo, kodi ya zuio, ofa za lazima na msambazaji wa ndani, leta majibu humu tupige hesabu upya. Kwa masharti yalivyo leo mimi nisingesaini.